Chupa za Tanga, Beseni la Esta

Vudee, Upare
10 Februari 1974

Mwanangu Yudith,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Shangazi yako ni mzima wa kuandika, kama unavyoona, mwandiko bado unakaa juu ya mstari. Barua yako ya Krismasi niliipata mwezi wa kwanza ikiwa imefunguliwa na kufungwa tena kwa ugali. Sijui ni nani huko njiani anayependa habari zetu, naye namsalimu.

Huku vuli imetupita. Ndiva, bwawa letu la kumwagilia, inajaa nusu tu, kwa hiyo zamu yangu ya maji shambani inafika mara moja kwa siku nane, na yakifika ni ya kulowesha vidole. Tunakula unga wa yanga unaoletwa kwenye duka la ushirika. Ugali wake ni wa njano, na ukipoa unaweza kuutumia kuezekea. Yule ng'ombe mwekundu amezaa dume. Balozi wetu wa nyumba kumi anakuulizia kila akipita, anataka kujua kama huko Tanga wamekufunga au wamekuoa, maana ni mwaka wa tatu huu hujaonekana. Nimemwambia una kazi ya serikali.

Sasa nije kwenye neno lililonikalisha chini. Sabato ya mwisho ya Januari tulikuwa na Meza ya Bwana. Hujasahau desturi yetu, kabla ya mkate tunatawadhana miguu, wanawake chumba cha nyuma, wawili wawili. Mwenzangu ni Esta tangu tukiwa wasichana, na Wasabato wa huku tulivyo wachache, hata ningetaka kubadilisha nisingepata mwingine. Aliponishika mguu wa kushoto akanyamaza. Akaniuliza, "Dorkas, huu mwiba una siku ngapi?" Nikamwuliza mwiba gani. Alikuwa amekuta mwiba wa mgunga umezama wote kwenye unyayo, umeshatunga usaha, na mimi nilikuwa naukanyagia siku zote hizo bila kusikia kitu.

Yapo na mengine. Nakunywa maji mtungi mzima kwa siku na kiu haishi. Gauni la kanisani nimelipunguza mara mbili. Chooni kwangu sisimizi wamehamia kabisa, wamejenga kijiji chao cha ujamaa. Mkwe wa Esta, aliyekuwa shamba la mkonge la Makanya, anasema nyapara wao alikuwa hivyohivyo na ugonjwa wake ni kisukari. Alikuwa akijichoma sindano asubuhi, kisha anaendelea kuwafokea watu kama kawaida.

Wewe unashinda na dawa. Nitumie chupa mbili tatu za sindano hiyo, umpe mtu wa treni, nitazipokea Same. Usimwambie mtu yeyote, wala hakuna haja ya kuwasumbua madaktari.

Mwisho nikuulize lile ninalouliza kila barua. Kanisa la hapo Tanga unakaa benchi la upande gani, na unasali na nani? Hujawahi kunijibu.

Ni mimi shangazi yako,
Dorkas

*

Tanga
3 Machi 1974

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Barua yako imenifikia Ijumaa. Mimi sijambo. Joto la hapa linanichosha, na chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta. Nawasalimu Esta na watu wake wote. Dume jipya nimelifurahia.

Shangazi, nimeisoma barua yako mara nne, na jibu langu ni kwamba siwezi. Dawa unayoitaka inaitwa insulini. Inakaa kwenye jokofu lenye kufuli, na ufunguo tunao wawili, mimi na bwana mkubwa wangu wa stoo ya dawa hapa hospitali. Haitoki chupa hata moja bila cheti cha daktari chenye jina la mgonjwa, kiasi chake, sahihi na muhuri. Naandika kila chupa ilikokwenda. Nikikutumia kwa mtu wa treni nitakuwa nimeiba, na ukiniita mwizi ndani ya moyo wako utakuwa na haki, hata kama mwizi huyo ameiba kwa ajili yako.

Lakini usidhani naogopa kazi tu. Hata sheria isingekuwepo nisingekutumia. Dawa hii inapimwa kwa mtu na mtu. Kipimo cha nyapara wa Makanya kikiingia kwako kinaweza kukuangusha asubuhi hiyohiyo, sukari ikaisha mwilini, ukalala pale jikoni peke yako na hakuna wa kukuinua. Nimeshaona mtu akiletwa hivyo. Daktari lazima akuone, apime damu na mkojo, akulaze siku kadhaa ajue mwili wako unataka kiasi gani.

Hospitali ya wilaya iko Same. Nakuomba uende. Najua utasema una ng'ombe na zamu ya maji.

Likizo yangu imesogezwa tena, tuko wachache kazini. Kuhusu kanisa, nitakuandikia siku nyingine, sasa hivi karatasi imekwisha.

Mwanao,
Yudith

*

Vudee
12 Mei 1974

Mwanangu Yudith,

Karatasi yako iliyokwisha niliigeuza, nyuma ilikuwa nyeupe tupu. Basi tuendelee.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikasirika. Nilisema, mtoto niliyemchukua ana miaka minne, kaka yangu na mkewe wamelala makaburini, nikamlea mpaka akajua kusoma maandishi ya kwenye chupa, leo ananiambia mambo ya mihuri. Nilikasirika wiki tatu. Nilipochoka nikaona nimebaki na hasira na kiu, na ile kiu ilikuwa inaendelea kunywa mtungi.

Nikuambie kilichokuwa kinanizuia, maana nawe hukukijua. Mkwe wa Esta alishaniambia kwamba ukienda kwa kisukari unalazwa majuma mawili, na pale wodini kila mgonjwa ana mtu wake wa kumpikia na kumfulia. Nilikuwa najiuliza mtu wangu ni nani. Nilihesabu, nikajikuta nimemaliza kuhesabu kabla sijaanza. Sikutaka kukuandikia hivyo, ungedhani nakusuta.

Esta alinijia mwenyewe. Aliweka beseni lake, sufuria na unga kwenye kikapu, akaniambia tushuke. Tulitembea mpaka Mwembe, tukapata gari hadi Same. Alilala chini ya kitanda changu siku kumi na sita. Maziwa ya ng'ombe wangu na zamu yangu ya maji vilikwenda kwa jirani, wala sikufa.

Daktari ni kijana mwenye adabu, aliniamkia kabla hajanishika. Waliuchemsha mkojo wangu pamoja na maji ya buluu, ukatoka na rangi ya tofali, yaani sukari tele. Alisema ningekawia mwezi mmoja zaidi tungekuwa tunazungumza mengine. Siku ya nne nikafundishwa kujichoma pajani. Mara ya kwanza nilifumba macho, muuguzi akasema, "Mama, ukifumba utamchoma mwenzako." Siku hizi mkojo ukichemshwa unabaki buluu, au kijani kidogo nikiwa nimekula ndizi nisizotakiwa kula. Watu wanalia hakuna sukari madukani, kumbe yote nilikuwa nimeificha mimi.

Chupa naiweka ndani ya chungu chenye mchanga mbichi, kwenye kivuli upande wa mfereji. Daktari amekikubali.

Tatizo ni moja. Dawa hiyo Same inafika kidogo na inaisha. Nilimweleza daktari kwamba nina mtoto stoo ya hospitali Tanga. Akafikiri, kisha akaandika cheti. Kimo humu ndani, kina jina langu, kiasi, sahihi na muhuri mkubwa wa zambarau. Anasema bwana mkubwa wako akikubali, mnaweza kunitumia kwa halali, nami kila mwezi nitakuwa nakwenda kwake kupimwa. Basi muhuri wako huo hapo, mwanangu. Nimekwenda mpaka Same kuufuata.

Ni mimi,
Dorkas

*

Tanga
2 Juni 1974

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Niliposoma kwamba umelazwa na kutoka, nilikaa kwenye kiti cha stoo nikalia, bwana mkubwa akadhani nimefiwa. Nilipompa cheti alikisoma pande zote mbili, akatia sahihi. Mlio wa muhuri wetu ukigonga juu ya wa Same sitausahau.

Nakutumia chupa nne, za miezi minne. Nimezitia ndani ya chupa ya chai, nikazizungushia pamba iliyolowa. Nimezitoa kwenye maboksi yake ili zienee. Anazileta Ndugu Rubeni wa treni, ambaye ana mama Vudee, atampa stesheni masta wa Same na utazikuta kwa jina lako. Usiziweke juani wala usizitikise kwa nguvu. Zingirishe taratibu kati ya viganja kabla ya kuvuta.

Nina sharti moja la kwangu. Kila siku utazame miguu yako, juu na chini na katikati ya vidole. Kisukari kinaua fahamu za miguu, ndiyo maana mwiba ule hukuusikia. Unyayo huwezi kuuona mwenyewe, kwa hiyo Esta akuangalie. Usimfiche Esta miguu.

Mimi sijambo. Jirani yangu wa chumba amehama, kwa hiyo kumekuwa kimya sana. Nimenunua kitambaa cha kukushonea gauni, nitakileta nikija.

Mwanao,
Yudith

*

Vudee
18 Agosti 1974

Yudith,

Salamu. Sisi wazima. Ng'ombe ni mzima, dume linakua. Gauni usishone kwanza.

Chupa nne nilizipata mwezi wa sita zikiwa nzima na zimepoa. Nilikuwa nikijichoma kila asubuhi na kumshukuru Mungu kwa jina lako kabla sijala. Julai kwenye Meza ya Bwana, Esta aliniosha miguu akaikuta safi, akaniambia sasa nina miguu ya msichana.

Juma hili nilikwenda darasa la kisomo cha watu wazima pale shuleni, sikwenda kusoma, nilikwenda kusikiliza redio. Nikaona nimwonyeshe Mwalimu Daudi ile chupa, anisomee kama kuna tarehe ya kuharibika. Maandishi yake ni madogo na ya Kiingereza. Akasoma tarehe, kisha akaendelea kusoma. Halafu akaniuliza polepole, "Mama Dorkas, wewe si Msabato?" Nikasema ndiye. Akasema imeandikwa hapa kwamba dawa hii inatokana na kongosho la nguruwe.

Unajua sijawahi kuila nyama hiyo, wala mama yangu, wala hukuiona sufuriani mwangu hata mwaka wa njaa. Unajua ni nani aliyekufundisha kukataa ulipopewa shuleni. Nimeihesabu. Nimeiingiza mwilini mara sitini na zaidi, nikaenda nayo mpaka kwenye Meza.

Ulizitoa kwenye maboksi ili zienee. Chupa ya chai niliipima kwa mkono, ina nafasi ya kutosha.

Nakuuliza neno moja, nalo lina jibu moja. Ulikuwa unajua?

Dorkas

*

TELEGRAMU
Tanga, 29 Agosti 1974
DORKAS, SHULE YA MSINGI VUDEE, SAME
USIACHE SINDANO. BARUA INAKUJA. YUDITH

*

Tanga
30 Agosti 1974

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Nilikuwa najua.

Naandika hilo kwanza kwa sababu uliuliza neno moja. Ziko za aina mbili, ya ng'ombe na ya nguruwe. Mwezi wa sita jokofuni zilikuwamo zote mbili, bega kwa bega. Cheti cha daktari kilitaja jina la dawa bila kusema ni ya mnyama gani, maana kwa daktari ni dawa tu. Bwana mkubwa alinipangia zile tulizokuwa nazo nyingi. Ningeweza kusema, bwana, huyu mgonjwa ni Msabato, ningoje nimwandikie daktari wake abadilishe. Ingechukua mwezi, na wewe, kwa hesabu ya kile cheti, ulikuwa umebakiwa na dawa ya siku tisa. Nilizihesabu siku tisa hizo, nikazivua chupa maboksi, ambako mnyama ameandikwa kwa herufi kubwa, nikanyamaza. Hapana, si kweli kwamba ni kwa sababu ya nafasi. Niliogopa kwamba ukijua utaacha.

Ningekuambia baadaye, nilijiambia hivyo. Baadaye yangu huwa haifiki, unanijua.

Sasa nisikilize, Shangazi. Nikasirikie mimi, usiukasirikie mwili wako. Usiache sindano hata siku moja. Nenda kwa daktari Same, mweleze kama ulivyonieleza. Aandike cheti kipya, ataje ya ng'ombe, nami nitakutumia siku hiyohiyo nitakapokipata. Siwezi kubadilisha mwenyewe ingawa chupa ziko umbali wa kiganja. Mwili unaweza kuipokea hii tofauti na ile, inabidi akupime tena. Mpaka hapo endelea na uliyo nayo.

Mzee wa kanisa umemwuliza? Labda angekuambia kitu kitakachokupumzisha.

Nakuomba unijibu, hata kwa kunitukana.

Mwanao,
Yudith

*

Tanga
10 Novemba 1974

Shangazi, shikamoo.

Hii ni barua ya tatu tangu Agosti. Ya Septemba sijui kama ilifika. Kila treni ya Same ikiingia namwuliza Ndugu Rubeni, naye sasa ananikwepa. Nimemwandikia daktari wako pia. Hajajibu.

Nimeuliza likizo. Nimeambiwa Machi au Aprili.

Kwa kuwa hunijibu, nitakueleza lile ambalo sikuwa nakujibu. Sina benchi, Shangazi. Tangu mwaka wa kwanza niliopangiwa stoo zamu yangu ni ya Jumamosi, kutwa nzima. Mwanzoni niliomba wanibadilishie, wakasema wagonjwa hawana Sabato, nami nikaona ni kweli. Nilipokwenda kanisani mara mbili tatu katikati ya juma, mama mmoja akaniuliza mbona Sabato sionekani. Sikurudi tena. Hii ndiyo sababu siji nyumbani. Likizo nimezipata mbili, nikazikaa hapahapa chumbani. Ningekuja, ingefika Sabato, ungenishika mkono twende, na ningekaa chumba cha nyuma na wanawake wenzangu, mtu ananiinamia kuniosha miguu, na mimi najua nilichokuwa nafanya siku kama hiyo juma lililopita.

Kwa hiyo, kama umejiweka nje ya Meza, hukukaa huko peke yako. Ningependa ujue hivyo hata kama umeamua kutoniandikia tena.

Kitambaa cha gauni lako bado kiko kwenye karatasi yake. Wali wangu wa leo nimepika mwingi, kama wa watu wawili. Sijui kwa nini.

Yudith

*

Vudee
22 Desemba 1974

Mwanangu Yudith,

Barua zako zote nimezipata. Telegramu ilifika shuleni baada ya siku sita, Mwalimu Daudi akanisomea mbele ya darasa zima, kwa hiyo kijiji chote kinajua nisiache sindano. Niliikunja nikaiweka ndani ya Biblia. Lakini nilikuwa nimeshaacha.

Nitakueleza yote kwa mfululizo, usiruke.

Niliacha siku ileile niliyokuandikia. Zile chupa zilizokuwa zimebaki nilizifukia kwenye mchanga wa chungu, sikuthubutu kuzitupa, kwa kuwa zilikuwa na jina langu. Mzee wa kanisa sikumwuliza. Ningemwuliza angejua, na akijua mkewe atajua, na sisi huku ni watu ishirini na wawili. Daktari sikumwendea, maana nilijiona nimemdanganya kwa kutomwambia mimi ni nani. Nilisema nitakunywa maji, nitafunga, Mungu ataona. Kiu ikarudi. Sisimizi wakarudi.

Oktoba ikafika, Meza ikaandaliwa. Nilimwambia Esta sitakuja, nina mafua. Sikutaka anishike miguu akidhani anamwosha mtu safi. Basi, kwa kukataa kuoshwa nikawa sina mtu wa kuniona unyayo. Sharti lako nililikumbuka, lakini nililikumbuka kama jambo la mtu mwingine.

Mwisho wa Oktoba nilikuwa nimelala mchana, homa imenishika, nikasikia hodi. Esta akaingia na beseni lake, na maji ya moto kwenye birika, na taulo begani. Nikamwambia leo Jumatano, Esta, Meza imepita. Akasema, "Imekupita wewe. Leta mguu." Nikamwambia hapana. Nikamwambia yote, ya nguruwe na ya Tanga na ya maboksi, nikidhani atachukua beseni lake aende. Alinisikiliza akiwa amepiga magoti, mkono ndani ya maji anapima joto. Kisha akasema, "Mimi nimekuja kuosha miguu, sikuja kuchungulia chupa." Akauvuta mguu wa kushoto. Hapo hakunyamaza kama Januari, alipiga kelele mpaka jirani akaja. Kidole kidogo kilikuwa kimeshakuwa cheusi, na harufu ambayo mimi nilidhani ni ya panya aliyefia darini.

Walinishusha kwa machela mpaka Mwembe, wanaume wanne wakipokezana. Wawili ni Walutheri.

Yule daktari kijana aliniuliza kwa nini niliacha. Nilimwambia. Hakucheka, wala hakunihubiria. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akasema kosa ni lake pia, alinipima damu, mkojo na macho, hakuniuliza ninasali wapi. Akasema ataandika ya ng'ombe. Lakini siku ile pale hospitali iliyokuwapo ilikuwa ileile, na mguu usingengoja treni ya Tanga. Akaniambia ni mwili wangu, niamue mimi.

Yudith, niliangalia dirisha. Nilimfikiria mama yangu na sufuria yake. Halafu nikafikiria kwamba nikifa pale, wewe utakaa Tanga maisha yako yote ukihesabu zile siku tisa. Hilo sikuweza kulibeba. Nikamwambia daktari achome. Sikufumba macho. Niliitazama ikiingia yote.

Nilikaa wodini majuma sita. Esta tena chini ya kitanda. Mzee wa kanisa alikuja kunitazama, nikamwambia mwenyewe kabla hajauliza hali. Akasema Meza ilikuwa inaningoja tangu Oktoba, na alidhani kweli nilikuwa na mafua. Neno hilo moja, mwanangu, ningelitafuta mwezi wa nane, kidole changu kingekuwa kwangu.

Maana kidole walikikata. Kimoja, cha mwisho. Kimebaki Same. Sasa viatu vya kanisani vinanipwaya upande mmoja na natembea kama bata, lakini natembea.

Cheti kipya kimo humu. Kimeandikwa ya ng'ombe, kwa herufi kubwa, na daktari amepiga mstari chini. Mwonyeshe bwana mkubwa wako. Safari hii ziache ndani ya maboksi yake.

Barua yako ya Novemba ilinikuta wodini. Nilimsomea Esta ile sehemu ya wali, nikashindwa kuendelea, akaimalizia yeye, na Kiswahili chake cha kusoma unakijua. Nimekuwa nikikuuliza benchi gani miaka mitatu, kama askari. Sikuwahi kukuuliza unakula na nani. Nimekukosea hapo.

Januari bandeji haitakuwa imetoka, kwa hiyo nimeomba ningoje. Meza inayofuata ni Sabato ya tarehe tano Aprili. Umesema likizo ni Machi au Aprili, waambie Aprili. Nimemwambia Esta siku hiyo ajitafutie mwenzake mwingine, naye ameniazima beseni. Nataka uniinamie wewe, nami nitakuinamia. Juma lililopita ulifanya kazi siku gani sitakuuliza, na wewe usiniulize kilichomo mwilini mwangu.

Ukifika kwenye mguu wa kushoto usishtuke. Hesabu vidole vyangu tisa, uvipanguse katikati vizuri kama ulivyoniagiza, maana mimi sisikii. Utaniambia wewe kama maji ni ya moto.

Shangazi yako,
Dorkas